Urte Pinkis na Bendera ya Mashua ya Baba Yake (1889–1932)

Marehemu Urte Pinkis alizaliwa tarehe 3 Machi 1889 hapa Nidden, kijiji chetu cha wavuvi kando ya ghuba, mtoto wa pekee wa mvuvi Martin Sakuth na mkewe Ilse. Alisoma miaka minane katika shule ya kijiji, akatoka na mwandiko uliowatia makarani hofu.

Alishona nyavu na kukausha mikunga kwa moshi maisha yake yote. Tarehe 7 Mei 1910 alifunga ndoa na Johann Pinkis, aliyeuawa vitani mwaka 1916.

Kiangazi cha 1912 mchoraji mgeni aliichora mashua ya Martin kwa rangi za mafuta: maji ya kijani yaliyochafuka, tanga kama moto. Hayo Urte aliyapenda. Lakini bendera ya mlingotini, ambayo kwa sheria ni nyeusi na nyeupe kwa kijiji chetu, mchoraji aliipaka nyekundu na nyeupe, rangi za wavuvi wa ng'ambo ya ghuba.

"Bwana, umemhamisha baba yangu hadi ng'ambo," Urte alimwambia.

"Nyekundu imenijia tu, dada. Nachora ninavyohisi."

"Hata kunguru wa kitoweo aliyemo sufuriani mwangu anajua hiyo si yetu."

Mchoraji alicheka, akaondoka na mchoro wake.

Martin alizama na mashua hiyo Novemba 1913. Mchoro ulitundikwa katika jumba la makumbusho mjini, na wenye dharau wakapata la kusema: Sakuth alipeperusha bendera ya uongo ili aibe samaki wa wenzake. Urte aliandika barua ishirini na mbili, akidai jina la baba yake na maelezo ya kweli kuhusu bendera chini ya mchoro. Alijibiwa mara tatu. Mwaka 1929 alikwenda mwenyewe.

"Mama, sanaa haina kijiji," mkuu wa jumba alimwambia.

"Mashua inacho. Na aliyefia ndani yake anacho."

Hakunyanyuka kitini hadi walipofunga milango. Jina liliwekwa mwaka uliofuata. Maelezo ya bendera, hapana. Ni aibu kwamba waliopata fremu ya dhahabu wamekosa sentensi moja ya haki kwa mvuvi.

Januari mwaka huu aliugua homa ya mapafu. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 9 Februari 1932, saa nne asubuhi, barua ya ishirini na tatu ikiwa imekamilika bila saini.

Ameacha binti yake Marike, mkwewe Michel Detzkeit, na wajukuu wawili. Marike ameitia saini barua hiyo leo, kando ya jeneza; kesho itavuka barafu ya ghuba kwenda jumba la makumbusho. Lala, Mama Marike. Kazi tumeipokea.