Swali la Mwaka Gani

Katika tuktuk ya kwenda Kiamunyi, Nerima alikuwa katikati ya abiria wawili wasiojuana, ametega masikio.

"Wanafunzi wangu wamemaliza past paper, ile mitihani ya zamani, za miaka kumi na tano," Sitati, mwalimu wa hesabu sekondari, alijigamba kama daktari aliyechanja kijiji kizima. "Majibu yote wako nayo kwa kichwa."

"Ndio hao mnatuletea chuoni," alisema Ruqaiya, mhadhiri, bila hata kumtazama. "Juzi nilimpa mmoja swali jepesi la aljebra. Hakushika kalamu. Aliniuliza ni la mwaka gani."

Nerima alimkumbuka mwanawe Bravin nyumbani, na rundo la past paper alizomnunulia mwenyewe.

Tuktuk ikasimama. Sitati alishuka, akasita, akaingiza kichwa ndani tena.

"Lakini madam, kwani lilikuwa la mwaka gani?"