Makofi ya Chumba cha Mwisho

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kifaransa katika chumba cha mwisho cha korido yetu, Mama Makofi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kamati ya jarida la shule imeniomba niandike kwa furaha. Nitajaribu, ila nisilaumiwe nikishindwa.

Wazazi wageni hushtushwa na jina hilo, wakidhani anapiga watoto. La, anapiga vitenzi. Sisi tumelelewa na lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa, kwa hiyo mwanafunzi mpya akikutana na *finissent*, yaani "wanamaliza", huisoma fi-ni-se-nti bila wasiwasi wowote. Mama Makofi humsimamisha, wakapiga pamoja: *fi*, kofi; *nisse*, kofi; kisha mkono hukunjwa ngumi, kimya, maana mkia ule wa *nt* huandikwa tu, hautamkwi. *Finissons*, makofi matatu. Darasa zima likishika kasi, chaki hudondoka kwenye ubao wa jirani.

Jirani huyo, mwalimu wa historia, alilalamika mwaka mzima. Siku moja tukamkuta anakoroga chai huku akigonga kikombe kwa kijiko: *par-lons*, *par-lez*. Hakulalamika tena.

Wanafunzi wake leo ni wakalimani, wauguzi, wahudumu wa ndege. Darasa lake halijawahi kuanguka mtihani wa kuzungumza. Na hapa ndipo uvumilivu wangu unapokoma. Mtihani huo ni mwezi ujao. Tangu mwaka jana Mama Makofi amekuwa akiomba jambo moja tu: aletewe mwalimu wa kumrithi, amwachie ujuzi wake kabla hajaondoka. Hakuletwa mtu. Makamu mkuu alimjibu kikaoni, mbele yetu sote, "Si wana spika na rekodi za Kifaransa? Wasikilize." Spika! Spika itamsikiaje mtoto anapokosea? Tuliguna, tukanyamaza, kama zile herufi za mwisho: tumo kwenye karatasi, hatusikiki. Nina hasira, na naomba ichapwe ilivyo.

Sasa kuanzia Jumatatu watahiniwa watamfuata nyumbani kila alasiri, wajazane sebuleni. Mumewe, fundi cherehani aliyengoja siku hii kwa hamu, ameuliza, "Kwani huyu amestaafu au amehamisha ofisi?" Ana haki ya kuuliza. Aibu ni ya shule, si ya mkewe.

Kwa hiyo saa ya ukutani iliyopendekezwa na uongozi kuwa zawadi, walimu tumeikataa. Tumemchongeshea mabenchi. Kesho tutayabeba mabegani hadi kwake, mchana kweupe, na tutapitia mbele ya ofisi ya makamu mkuu.

Mama Makofi, ahsante kwa kila kofi. Mungu akupe afya, na viganja vyako visichoke mapema. Mapumziko mema tunakutakia kwa moyo wote, ingawa tunajua hujapewa. Mtihani ukiisha, tutakuja wenyewe kuyaondoa mabenchi sebuleni kwako, ili wewe na mzee mpate pa kukaa.