Kila Mti na Paipu Yake

Kinuthia hakutaka kusikiliza, lakini kijana wa kiti cha mbele yake kwenye basi alikuwa ametoka kutembea Dubai, na mtu aliyetoka Dubai haongei polepole.

"Ona hii picha, mama. Ni jangwa, lakini kila mti wa barabarani uko na paipu yake ya maji!"

"Ati mti?" Mama aliyekaa kando ya kijana aliwaka, mtungi wa maji katikati ya miguu. "Mfereji wangu Ruiru umekauka miezi mitatu, nabeba maji kutoka Thika kwa basi! Na yule wa kusoma mita bado anakuja! Anasoma nini? Siku nikimshika, ataimeza hiyo mita!"

Kinuthia akakikalia kitabu chake cha mita.

Basi liliposimama Ruiru, mama alishuka na mtungi wake. Kinuthia pia alikuwa ashukie hapo. Akapitiliza mpaka Githurai.