Sakafu ya Ghorofa ya Tatu

Benchi lenyewe liko mbele ya mlango wa pili wa jengo moja la ghorofa tano, mjini Bishkek, na jua la Januari hulipiga kwa muda wa saa moja tu mchana kisha likajiondokea. Watu wake ni walewale: Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku kudonoa, Jenerali, aliyekuwa mpishi jeshini, na Kubat wa ghorofa ya tatu, mwenye chupa ya chai. Wiki hii ameongezeka Mzee Mambet wa ghorofa ya tano. Jumanne alimzika mkewe, Bubusara, aliyebanwa kifua baada ya wiki tatu za kulala na koti kwa baridi ya nyumbani. Sasa mzee hushuka benchini kwa sababu nje angalau kuna jua. Kubat alimmiminia yeye kwanza.

— Mabomba ya joto yameoza, Profesa alianza. Ni ya enzi za Wasovieti. Yang'olewe yote, tuwekewe na boila jipya. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki.

— Sasa mavi na boila wapi na wapi, Profesa? Jenerali akauliza.

— Yote si hupita kwenye bomba?

— Bomba halina kosa, bwana, Jenerali akadakia. Joto letu linapelekwa kwa wakubwa. Kuna bomba la siri chini ya uwanja huu tulipokaa.

— Linakwenda wapi?

— Kwenye mabwawa ya samaki wao. Samaki wanaoga maji ya moto, sisi tunalala na kofia!

— Acha uongo wako, Profesa akamkatiza. Ni mwezi. Mwezi unayavuta maji ya moto, yanaishia paani.

— Mwezi?

— Kama unavuta bahari, utashindwa na rejeta ya joto ya ukutani?

— Kweli akili nyingi huondoa maarifa. Na wewe Kubat, mbona umenuna? Kwako kukoje?

— Kawaida tu, kaka.

Haikuwa kawaida, na alijua. Mwezi wa kumi, kabla joto la mji, yaani maji ya moto ya kupasha nyumba, halijafunguliwa, alimleta shemeji yake wakakata bomba la ukutani, wakapitisha maji ya moto chini ya vigae, sebuleni hadi jikoni. Mjini humu kila anayekarabati nyumba hufanya hivyo kimyakimya. Maji hupanda kutoka chini. Yakifika kwake yanazunguka sakafu nzima, na yanapoendelea juu yamekwisha kupoa. Mkewe alimwambia mara mbili aizibe njia hiyo, naye akasema ataziba msimu ukiisha. Uoga wa kujulikana tu, hapakuwa na kingine.

Mlango wa chumba cha chini ukafunguka, akatoka fundi wa kike, Nurzat, aliyeitwa na kamati ya jengo. Magoti yake yalijaa vumbi.

— Hamjambo, wazee wangu.

— Hatujambo, binti. Haya, boila jipya lini?

— La nini? Mitambo mizima. Mabomba ya huko chini yalikuwa uchi, nimeyavisha yasipoteze joto. Hewa iliyoziba ndani yake nimeitoa. Mlango wenu wa ngazi haufungiki vizuri, upigilieni mpira. Ni vitu vidogo vidogo tu. Maji yanaingia jengoni yakichoma mkono.

— Mbona juu hayafiki?

— Hapo ndipo ninaposhangaa.

Akarudi nyuma hatua mbili, akautazama ukuta mzima.

— Baridi yote hii, wazee, mbona dirisha la ghorofa ya tatu liko wazi?

Profesa akainua macho kulitafuta. Jenerali naye akainua yake. Kubat akaiweka chupa ya chai chini. Mkewe hulifungua kila mchana, maana vigae huwachoma watoto miguu.

— Ni langu, akasema. Nilipitisha maji sakafuni. Kunakuwa na joto mno.

Akamgeukia Mzee Mambet, akiomba moyoni apigwe kofi, yaishe.

Mzee akaweka kikombe chini taratibu.

— Ungesema tu, mwanangu. Ningemshusha mama yako Bubusara alale kwako.