Kabla ya Shela

Benchi lile liko kati ya kinyozi na mziba pancha, mguu wake mmoja umeegemezwa tofali. Wanaolikalia hawalipi kodi wala hawachoki kusema. Asubuhi hiyo Mama Birika, muuza kahawa wao, alitoa habari huku akimimina: binti yake, mwalimu wa kemia, ameomba kujiunga na masista, na masista wamemkubali. Hilo alilisema likasikika hadi ng'ambo ya barabara. Kwamba sharti kwanza amalize mkopo wa chuo, alilisemea kwenye birika.

— Hapo hamna deni, alisema Wakili, ambaye mahakamani hufika mlangoni tu, kuuza kava za simu. — Sista akiweka nadhiri anapewa jina jipya. Sasa wadai watamtafuta nani? Yule wa zamani hayupo.

— Na sura je? aliuliza Kinyozi.

— Sura iko ndani ya shela.

— Mimi naona hivi, Kinyozi akasogeza kikombe. — Si anaapa ufukara? Basi aape leo leo. Fukara wa kiapo utamdai nini, rozari?

— Mama mkuu wao alishamwambia, Mama Birika akajibu. — Njoo na mikono mitupu, si mikono iliyoshikwa na watu.

— Basi deni nalo liingie utawani, alisema Wakili. — Liamke alfajiri, lisali, lifunge. Mwaka ukiisha litakuwa limekonda lenyewe.

— Au apate mchumba, Kinyozi akadakia. — Mchumba alipe deni badala ya mahari, halafu wagombane kabla ya harusi.

Mama Birika alitua birika kwa kishindo.

— Mwanangu si tapeli. Mshahara wanamkata kila mwezi, na bado anafundisha tuisheni ili aongezee. Koti limemchakaa, hanunui jingine. Nikataka kuuza cherehani yangu, akanikatalia. Akasema, mama, aliyesoma ni mimi.

Kifua kilimjaa alipoyasema hayo, na hakutaka kuficha. Wangapi mtaani humu wamelea mtoto wa namna ile?

Dereva mmoja mgeni, aliyekuwa akingoja tairi lake lizibwe, alikuwa ametega sikio muda wote.

— Samahani, mama. Wewe unaomba deni liishe mapema, au lisiishe?

Mama Birika alifuta vikombe ambavyo vilikuwa safi tayari.

— Asubuhi naomba liishe, alisema mwishowe. — Namwona anatoka na vitabu vyake, nasema, Mungu wangu, huyu nilikuzalia wewe, mchukue. Jioni akirudi, akavua viatu pale mlangoni na kuniita, nasahau kuomba.