Bi Otilia na Kipande cha Mwani

Bi Otilia Paillacar anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, baada ya miaka thelathini na mmoja katika makumbusho yetu ya Los Coipos. Amechelewa miaka mitatu kwa hiari yake.

Aliajiriwa kuosha udongo wa machimbo ya mambo ya kale. Wanafunzi kutoka mji mkuu walitumia chekecheke. Yeye, mzaliwa wa pwani, alimwaga kila ndoo kwenye beseni na kupapasa kwa vidole, kama anavyoosha mwani wa mchuzi. Tulimtania kwamba anapika tope.

Januari 1997, kando ya majivu ya jiko lililozimika zaidi ya miaka elfu kumi na nne iliyopita, vidole vyake vilikuta kitu chembamba chenye urefu wa ukucha. Mwanafunzi akakiandika: jani lililooza.

"Profesa, hili si jani. Ni mwani."

Profesa Bahamonde, mkuu wa machimbo, alicheka. "Otilia, bahari iko mwendo wa siku tatu. Una njaa wewe!"

"Njaa ninayo. Ila mwani sikuuleta mimi. Tafuta aliyeuleta."

Hadubini ilimuunga mkono. Shuleni tulifundishwa kwamba watu wa kwanza waliingia bara hili kutoka kaskazini kwa kupita katikati ya barafu, wakifuata wanyama. Kumbe huenda walishuka na ufuo, ghuba hadi ghuba? Kipande kimoja hakitoshi kujibu. Kinatosha kutunyima usingizi. Mimi, ambaye bonde letu lilifunikwa na bwawa la umeme, hujiuliza zaidi kwa nini walipoiacha bahari na kuingia ndani ya nchi walibeba chakula cha kwao.

Mwaka 2019 kipande kilipelekwa mji mkuu kupimwa upya, kwa ahadi ya miezi sita. Mwaka 2021 umri wake wa kustaafu ukafika, kipande hakikufika. Kila mwezi Bi Otilia alimpigia simu karani wa maabara: "Mwanangu, nilikitoa mimi kwenye tope. Siondoki mpaka kirudi."

Jumanne kisanduku kilifika. Alikifungua, akakisogeza puani.

"Hakinuki tena bahari," alisema. "Si kitu. Kimefika."

Akakifungia kabatini, akanikabidhi ufunguo, akaenda kuosha beseni lake.

Asante, Bi Otilia. Ufunguo uko salama. Tunakutakia siku ndefu huko kwenu ufuoni, na chungu kisichokosa mwani.