Mpinzani wa Fundi Saa

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, fundi saa alikuwa akimlilia muuguzi aliyeketi naye: jukwaa la mashabiki wa timu yake mtandaoni limekufa.

"Wote wamehamia magrupu ya simu, dada. Nimebaki mimi, msimamizi. Ikabidi nifungue akaunti ya pili, nijifanye mpinzani, nibishane naye."

"Ikasaidia?"

"Mno! Mpaka alipomtukana kipa wetu. Nikamfungia."

Muuguzi akamtazama kwa jicho la kupima homa. "Si ni wewe huyo?"

"Sheria ni msumeno, dada."

"Sasa unabishana na nani?"

"Kimya tu. Hata hamu ya mechi imeniisha."

"Basi mfungulie, kaka."

Basi likasimama. Fundi akainuka, kanuna kwelikweli.

"Aniombe radhi kwanza."